Mwalimu Asiyezima Mashine

Kwa miaka yote niliyopakana naye duka kwa duka pale Nyamisangura, sikuwahi kumwona Mwalimu akizima kitu kwa mkono wake. Taa ya darasa aliiacha iwake mpaka umeme ukatike wenyewe. Redio aliifunika kitambaa, ikaendelea kunong'ona chini yake hadi kesho. Na mazungumzo ndiyo usiseme. Hakuwa na kwaheri. Alikuacha katikati ya sentensi, akainua mkono, akasema "tutaendelea," na mkikutana sokoni baada ya wiki mbili alikudaka palepale mlipoishia, bila salamu, na ole wako uwe umesahau habari ilikuwa ya nini.

Mimi nilikuwa na duka la fotokopi na kuchapa. Yeye alikuwa mwalimu mstaafu wa jiografia aliyefungua darasa la kompyuta katika chumba cha pili. Kilichotutenganisha kilikuwa ukuta wa mbao nyembamba, kwa hiyo masomo yake yote niliyapata bure, nikipenda nisipende. Ndiyo maana leo nayajua mambo ya kompyuta kuliko mtu wa umri wangu anavyohitaji.

Mjini Tarime kipindi kile hapakuwa na habari nyingine ila dhahabu. Kinyozi alifunga kibanda akaenda kuchimba. Muuza samaki akaenda. Hata yule mzee wa kanisani aliyehubiri juu ya ngamia na tundu la sindano, Jumapili moja hakuonekana, tukasikia ana sehemu kwenye shimo. Mtu akipata kitu huko alinunua pikipiki, akaezeka bati, kisha akanunua laptop, ambayo hakujua ni ya nini. Anaifunika, anaitupa kwenye begi, anapanda bodaboda kwenda machimboni ambako hakuna umeme, na akija kuifunua siku nyingine anakuta imekufa na kila alichokuwa anaandika kimepotea. Hapo ndipo walipomkumbuka Mwalimu. Walikuja na nyuso za watu waliorogwa.

"Uliizima?" Mwalimu alikuwa akiuliza.

"Niliifunika tu, Mwalimu."

"Hukuizima, vizuri. Lakini pia hukuilaza. Uliisinziza."

Kisha anachukua chaki. Darasa la kompyuta lenye ubao wa chaki lilikuwa ni lake peke yake, na vumbi lile lilizimaliza mashine zake kuliko mwanafunzi yeyote, lakini ukimwambia hivyo anakujibu kwamba jiografia haifundishwi bila chaki. Anachora meza na kabati. Meza, anasema, ndiyo kumbukumbu ya mashine inapofanya kazi: kila ulichofungua kimetandazwa juu yake. Kabati ndiyo diski. Ukizima, meza inapanguswa. Ukifunika tu, mashine inasinzia: vitu vinabaki mezani, na umeme kidogo unakaa hapo kama mlinzi wa kuvishika. Betri ikiisha mlinzi anakwenda zake, na vitu vyote vinapotea. Lakini ukiilaza usingizi mzito, mashine inachukua kila kilichoko mezani, inakipanga kabatini vilevile kilivyokuwa, kikombe mahali pa kikombe, kalamu mahali pa kalamu, halafu inamruhusu mlinzi aende nyumbani. Hapo hata ukae mwaka bila umeme, siku ukiiamsha itatandika meza ileile.

"Kwa hiyo ukifa nayo inakungoja?" aliuliza mchimbaji mmoja.

"Inakungoja wewe. Usije ukamtuma mrithi."

Wanafunzi waliita haibaneti. Yeye aliita usingizi mzito, na aliuhubiri kwa bidii ambayo ingefaa dini yoyote. Tena hakutaka ukariri. Alikuwa na mashine tatu na alisisitiza kwamba hazilali sawa. Ile ya Windows ilikuwa na usingizi mzuri sana, ila waliotengeneza wameuficha, lazima uingie kwenye mipangilio ukautoe huko kama mama anayetoa sukari aliyowaficha watoto. Ile yenye alama ya tunda, aliyoachiwa na dalali mmoja wa Sirari ili aifundishie, ilikuwa na akili ya watu wa mpakani: inasinzia, lakini papo hapo imeshaandika kila kitu kabatini, ili umeme ukikatika isipate hasara. Linux ndiyo iliyomchosha. Hiyo inataka uitengee kitanda mapema, sehemu ya diski yenye nafasi ya kutosha kila kilichoko mezani. Usipoitengea inakwambia wazi kwamba haiwezi kulala. Na hata ukiitengea, kuna siku inalala vizuri na kuamka inakataa.

"Kulala si kazi," alisema. "Hata mlevi analala. Kazi ni kuamka ukiwa ulivyokuwa."

Maneno kama hayo alikuwa nayo mengi, na baadhi yake hayakulingana. Alisema mtu asikimbilie kustaafu mambo yake, na yeye alistaafu kabla ya umri. Aliichukia dhahabu waziwazi, akaita machimbo shule ya ujinga, lakini alikuwa na jino la dhahabu upande wa kushoto, na akicheka alihakikisha umeliona. Nilipomuuliza akasema hiyo ndiyo dhahabu pekee anayoiamini kwa sababu haijamhamisha mtu. Usingizi mzito aliousifia mashine, yeye mwenyewe hakuujua. Alisinzia kwenye kiti saa nane mchana na jicho moja wazi, na mwanafunzi akigusa kitufe asichoambiwa, anasikia, "Hicho acha, mura," yaani kijana, kwa Kikurya.

Ila kanuni yake moja haikuyumba. Hakizimwi kitu ambacho hakijaisha. Hiyo niliisikia ukutani mara nyingi kiasi kwamba nilianza kuota naambiwa mimi.

Sasa nimlete Fundi, maana bila yeye Mwalimu hajakamilika. Fundi alikuwa fundi cherehani, kibaraza cha tatu kutoka kwangu, mtu mwenye asili ya Pangani aliyekaa Tarime mpaka akajua kutukana kwa Kikurya, ingawa Kiswahili chake kilibaki cha kwao, laini, cha kutuaibisha sisi wa huku. Yeye na Mwalimu walicheza drafti kila siku ya Mungu. Walianza na ubao na vizibo vya soda, na shida ikawa swala. Adhuhuri ikifika Fundi anainuka, anakwenda msikitini, na akirudi ugomvi unaanza.

"Kete yangu ilikuwa hapa!"

"Ilikuwa pale, Fundi. Umesali ukasahau."

"Mwalimu, mimi nimetoka kwa Mwenyezi Mungu sasa hivi. Nikuongopee ya nini?"

"Basi aliyeisogeza ni mbuzi."

Na kweli mbuzi walikuwepo, pamoja na upepo, na wateja wangu waliopita wakakanyaga ubao. Lakini hakuna aliyekubali maelezo ya mbuzi. Waliwahi kununiana mwezi mzima kwa kizibo kimoja cha Fanta. Ndipo Mwalimu alipoweka mchezo wa drafti kwenye mashine ya Windows. Mchezo wenyewe ulikuwa wa bure, haukuwa hata na mahali pa kuhifadhi mechi. Ukiufunga, imekwenda. Lakini mashine ikilazwa usingizi mzito, mechi inalala nayo. Adhuhuri inaingia, Mwalimu analaza. Fundi anarudi, Mwalimu anaamsha, na kete ziko zilipokuwa, hakuna mbuzi wa kusingiziwa. Amani ikaja Nyamisangura kwa njia hiyo. Nawaambia watu kwamba usingizi wa kompyuta uliwahi kusuluhisha wazee wawili wakati baraza la mtaa limeshindwa, wanadhani natania.

Fundi alikuwa wa mwisho kushikwa na dhahabu kwenye kibaraza chetu. Aliwacheka wote walioondoka. Halafu akaja kijana mmoja ambaye Fundi alikuwa akimshonea viraka vya suruali, amerudi kutoka machimboni na gari, akamwambia Fundi, kwa heshima kabisa, kwamba suruali za viraka sasa anaweza kuzichoma. Hakusema neno baya. Lakini Fundi alikaa siku nzima ameshika sindano bila uzi.

Kesho yake walikuwa katikati ya mechi, na mimi nilikuwa nimekwenda kuomba wino. Mwalimu alikuwa amecheza. Fundi alitazama kioo muda mrefu, akasimama ghafla, akaacha chai yake mezani, akachukua kofia yake.

"Nakwenda huko," akasema. "Nisipokwenda nitakufa na tamaa. Wiki mbili tu. Nikirudi nitarudi na gari, nikupeleke Musoma ukaone ziwa, mwalimu wa jiografia usiyetembea."

"Na mechi?"

"Niwekee hivyohivyo. Zamu yangu."

Mwalimu akaguna, akabonyeza, mashine ikalala. Hakusema kwaheri, hilo mnalijua. Akasema, "Tutaendelea."

Wiki mbili zikawa miezi, miezi ikawa miaka. Cherehani ya Fundi tukasikia imeuzwa ili atie fedha kwenye shimo. Baadaye tukasikia shimo limejaa maji. Baadaye tena hatukusikia kitu, na kutosikia kitu kutoka machimboni kila mtu alijua maana yake inaweza kuwa nini.

Mashine ikabaki na zamu ya Fundi ndani yake.

Hii ilikuwa mashine bora kuliko zote alizokuwa nazo. Bahati nzuri ilikuwa na mifumo miwili, kwa sababu mwanafunzi wa chuo aliyekuja likizo alishaiwekea Linux pembeni ya Windows kabla ya mambo haya. Kwa hiyo Mwalimu aliendelea kufundishia upande wa Linux, na upande wa Windows ukaendelea kulala. Lakini notisi zake zote za masomo zilikuwa huko kwenye Windows, na Linux ilipotaka kuandika humo ilikataa, ikasema upande huo umelazwa. Inaruhusu kusoma tu. Akitaka kurekebisha notisi moja, lazima ainakili kwanza upande wa pili, basi kila siku kunakili na kulalamika.

Alikuja mhitimu mmoja wa kompyuta, kijana wa Issenye mwenye haraka, akaliona tatizo, akacheka. "Shikamoo Mwalimu. Hii ni amri ya mstari mmoja. Unafuta faili la usingizi, upande wote unafunguka."

"Na kilicholala humo?"

"Kinapotea. Kwani kuna nini?"

Mwalimu akachukua chaki, akachora boma lenye nyumba mbili. "Mwenye nyumba kubwa amelala, amefunga mlango," akasema. "Unaweza kuchungulia dirishani ukaona vitu vyake. Lakini huingii ukaanza kuhamisha stuli. Akiamka gizani akakuta stuli haiko alipoiacha, atavunja shingo. Na wewe unaniambia nisihamishe stuli tu, nimuue kabisa mwenye nyumba."

"Mwalimu, ni mchezo wa drafti," nikapiga kelele kutoka upande wangu wa ukuta, maana uvumilivu ulikuwa umeniisha. Msimu wa kuchapa ulikuwa umepamba moto, nilihitaji mashine ya pili yenye Windows, na pale jirani yangu alikuwa nayo nzima, imelala kwa ajili ya mtu aliyesema wiki mbili.

"Mama Gati," akajibu bila kuinua sauti, "zamu si yangu. Wala si yako."

Yule dalali wa Sirari naye alijaribu. Aliiona mashine inasota, akajitolea kuiongezea kumbukumbu. "Mwalimu, wacha niku-upgradie hiyo kitu, bana. Iko slow kama nini. Mimi nitaleta RAM mpya kutoka ng'ambo." Mwalimu akamshukuru, akamwekea kiti, akamwelezea kwamba mashine iliyolazwa kwenye meza ndogo ukiiamshia kwenye meza kubwa inaweza isiitambue nyumba yake, ikaanza upya. Dalali akaniambia nje kwamba huyu mzee wenu kichwa chake ndicho kiko slow.

Mjini watu waliamini Mwalimu alikuwa amemshinda Fundi, na kwamba analinda ushindi wake. Hata mimi niliamini hivyo. Drafti siijui, najua tu wanaume wakishinda wanavyokuwa. Jambo moja lilinitia shaka kidogo. Siku moja mwanafunzi mgeni aliwasha mashine, na pale inapouliza uingie upande gani akachagua wa chini, ambao wote walikatazwa. Mashine ikaanza kuamka. Mwalimu alikuwa kwangu anasubiri fotokopi. Aliposikia ule mlio aliruka hata kiatu kikabaki, akavua koti, akalitupa juu ya kioo kabla picha haijakaa sawa, akapapasa kitufe chini ya koti mpaka mashine ikalala tena. Hakuchungulia hata kidogo. Nikamuuliza kwa nini asitazame basi walipofikia, mwaka huu wa ngapi.

"Kutazama peke yako mechi ya watu wawili ni wizi," akasema, akarudi kuchukua kiatu.

Nilikasirika. Nilimwonea huruma pia, na huruma ndiyo iliyonikasirisha zaidi, kwa sababu wakati huo hakuna aliyeamini kwamba Fundi yuko hai isipokuwa yeye, na ushahidi wake wote ulikuwa kwamba mechi haijaisha.

Dhahabu ikapoa, au niseme ikahamia kwa wenye mitambo mikubwa. Mwenye nyumba akauza vibanda vyetu. Mimi nikahamia barabara nyingine, Mwalimu akahamia Mugumu kwa binti yake. Siku ya kuondoka alipakia vitu vyake kwenye pikapu, mashine ile akaipakata mapajani, akaniambia, "Tutaendelea."

Nilimwona tena nilipokwenda Mugumu kumtazama mgonjwa wangu hospitalini. Lakini kabla yake nilimwona mtu mwingine. Nilipita sokoni kununua ndizi, na kwenye baraza la duka la vitenge palikuwa na mzee anashona kwa cherehani ya kukodi, kofia imechakaa, macho yamekaribia kitambaa kupita kiasi. Nilimjua kwa ile namna ya kung'ata uzi.

"Fundi!"

Aliinua kichwa, na badala ya kufurahi akaangalia kando kutafuta pa kujificha.

Nilimkalia hapohapo na mfuko wangu wa ndizi mpaka akasema yote. Hakupata kitu. Cherehani ilikwenda, afya ikaenda na vumbi, na alikuwa Mugumu tangu kabla ya masika. Kwamba Mwalimu yuko hapahapa mjini alijua, mara mbili alimwona kwa mbali, akajificha kichochoroni.

"Nitakwenda na nini, Mama Gati?" akasema. "Mimi niliondoka kwa majigambo. Nilimwambia nitamchukua kwa gari. Leo hata cherehani hii si yangu. Mtu hamwendei rafiki mikono mitupu hivi baada ya miaka yote hii. Afadhali adhani nilikufa."

"Hadhani ulikufa. Angedhani hivyo ningekuwa nimepata mashine ya kuchapia."

Hakuelewa. Nikamwelezea. Nilimwambia habari ya boma la nyumba mbili, na ya koti, na ya kiatu. Aliondoa mguu kwenye cherehani taratibu.

"Bado ameiweka?"

"Hivyohivyo. Twende, Fundi. Hujaenda mikono mitupu, una zamu."

Mwalimu alikuwa uani kwa binti yake, amekaa kwenye kiti, jicho moja wazi. Amekonda, jino la dhahabu likaonekana kubwa zaidi. Nilisema shikamoo, akaitika marahaba akitazama juu ya bega langu. Fundi alisimama langoni ameshika kofia kwa mikono miwili. Nilingoja kilio, au matusi, au angalau ulikuwa wapi.

"Chai yako ilipoa," Mwalimu akasema. "Lakini zamu bado ni yako."

Mashine ililetwa na kuwekwa kwenye stuli. Ikawashwa, Mwalimu akachagua upande wa chini. Maandishi yakaja kwamba inaamka, kisha kioo kikawa cheusi, kikabaki hivyo, na nakiri kwamba mimi niliyeitukana mashine ile kwa miaka nilikuwa na roho mkononi. Halafu meza ikatandikwa. Kete nyekundu, kete nyeusi, kila moja mahali pake.

Fundi aliinama mpaka pua ikagusa kioo karibu. Alitazama muda mrefu kama siku ile. Kisha akaanza kuhesabu kwa kidole bila kugusa, mara moja, mara ya pili, akamgeukia Mwalimu.

"Wewe umeliwa. Nakula tatu, naingia kingi. Umeliwa tangu siku ile."

"Najua."

"Ulijua lini?"

"Kabla hujachukua kofia. Wewe ndiye hukuona, akili yako ilikuwa kwenye gari la yule kijana."

"Miaka yote hii umelaza mechi uliyofungwa? Si ungeizima tu, Mwalimu! Nani angejua?"

"Zamu haikuwa yangu."

Fundi alikaa chini. Alilia, na hakujificha, machozi yakashukia kwenye kofia. Huyu ni mtu aliyetoka machimboni bila hata sindano yake mwenyewe, na katika dunia nzima palikuwa na kitu kimoja tu alichoshinda, na kililindwa na mtu aliyeshindwa. Nami nililia, niseme ukweli. Mwalimu alitutazama wote wawili kama wanafunzi waliochelewa.

"Cheza basi," akasema.

Fundi akacheza. Akala tatu, akaingia kingi, akapiga kelele mpaka kuku wakakimbia. Mechi ikaisha baada ya muda mfupi. Mwalimu akavuta mashine kwake, akapeleka mshale mahali ambapo sikuwahi kuuona ukienda, akaizima. Kabisa. Tulisikia feni ikitulia.

"Umeizima!" nikasema.

"Imeisha," akajibu. "Au hukuona?"

Binti yake alileta chai ya maziwa na ubao wa zamani wenye vizibo, kwa vile macho ya Fundi yalikuwa yamechoshwa na kioo. Wakapanga. Nikaaga, wote wawili wakasema "tutaendelea." Nilikuwa langoni naagana na binti yake, adhana ya alasiri ikaanza, Fundi akainuka kwenda kutawadha bombani, na aliporudi nikasikia nyuma yangu:

"Mwalimu! Kete yangu ilikuwa hapa!"